Tumeifungua Ile Laptopu Uliyotuachia

Chumba namba sita, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute umekaa, maana najua hukai. Goti linaendeleaje? Shemeji ameacha kukoroma au bado unahama chumba? Na pacha, mafua yamewaachia? Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunaamka, tunakula, tunakwenda kazini. Zaidi ya hapo sijui niseme nini, lakini ukikosa barua yangu utawaza mabaya, kwa hiyo naandika.

Kaka yako anaendelea. Kidonda cha shingoni kimekauka, na daktari amesema uvimbe wote ulitoka pamoja na kisanduku cha sauti. Anapumulia kile kitundu cha kooni. Kila asubuhi namsafisha kwa pamba. Mwanzoni nilikuwa nikigeuza uso. Sasa nasafisha kama ninavyosafisha sinki.

Mtu amenadi samani kuukuu miaka ishirini na miwili, sokoni wanamwita Kipaza, akitaja bei ya kabati mlango wa mbele hata aliyeko mlango wa nyuma anaisikia. Baada ya upasuaji, humu ndani kilichosikika ni friji.

Ndiyo maana ile laptopu uliyotuachia ulipokuja kututembelea ikawa mdomo wake. Yule mama wa hospitali anayefundisha wagonjwa kuzungumza upya aliitia programu: kaka yako anaandika, mashine inasema. Sauti ya kwanza ilikuwa kama ya debe. Baadaye akaleta programu nyingine yenye sauti ya mwanamume mzima, tukafurahi, lakini hiyo ndiyo iliyoishinda mashine. Akishaandika sentensi, unaweza kwenda kuanika nguo mbili tatu ukarudi ndiyo inaanza kusema. Na joto lake, usiiweke mapajani.

Mwezi uliopita alikuja karani wa mnada kumjulia hali. Akatusimulia habari za mteja aliyenunua kitanda kisichopita mlangoni kwake. Kaka yako akaandika utani wake, tukangoja. Karani akatazama ukuta, akatazama saa, akaanza habari nyingine. Hapo mashine ikasema, "Mwambie akate," ikazimika. Karani alicheka kwa adabu, kisha akaaga. Kaka yako akaifunga laptopu, akaipandisha juu ya kabati. Siku tisa hakuigusa, wala karatasi hakutaka. Alikuwa ananyoosha kidole tu: chumvi, taulo, dirisha.

Nikuambie kweli, wifi, kwa kuwa wewe si wa kufichwa. Sikuhuzunika. Niliona afadhali. Nikishinda nikipiga pasi mashuka ya hoteli, halafu nikakuta nyumbani hakuna anayenidai maneno, nakaa zangu. Wiki hiyohiyo niliungua kiganja, na mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeniondolea pasi akiuliza kama sisikii harufu. Nilikitazama kiganja kama cha mtu mwingine.

Yule mama wa hospitali alipopiga simu kuuliza habari, nilimweleza. Akasema, "Akizoea kimya miezi hii, kumtoa huko itakuwa shida." Alisema pole pole, hakunilaumu. Nikaishusha laptopu, nikaifuta, nikaipeleka kwa fundi. Usidhani nilikwenda na matumaini. Nilikwenda kama mtu aliyetumwa.

Fundi ni mama wa makamo, wanamwita Miwani Miwili kwa sababu moja anayo machoni na nyingine kichwani, na kila mara anaitafuta ile ya kichwani. Alipofungua, vumbi lilikuwa limejaa kwenye feni kama pamba ya mto. Ile dawa ya kijivu inayopitisha joto la prosesa ilikuwa imekauka kama tope la juzi. Akanieleza kwamba prosesa ndiyo akili ya mashine, na kwamba kwenye laptopu za umri huu haikuchomelewa, imekaa kwenye soketi, kwa hiyo inaweza kutolewa ikawekwa nyingine ya ukoo uleule yenye nguvu zaidi. Akaiweka, akasafisha vumbi, akaniruhusu niondoke.

Nyumbani kaka yako aliandika, ikasema papo hapo. Akanitazama. Akaandika tena, na tena. Haikupita robo saa ikazimika, moto kuliko zamani. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliirudisha juu ya kabati taratibu, kama sahani.

Kesho yake nikarudi. Fundi aliigusa, akavua miwani yote miwili. "Kosa langu, mama," akasema. "Nimeipa nguvu, sikuipa pumzi." Prosesa ile mpya ilikuwa inatoa joto jingi, na kipozeo cha zamani cha kulitoa kilikuwa na bomba moja la shaba, jembamba. Akapekua maboksi yake ya vyuma chakavu, akapata laptopu ya jamii ileile iliyopasuka kioo, ambayo kipozeo chake kina mabomba mawili na feni pana. Ilibidi achonge kidogo plastiki ya ndani ndipo kikae. Akapaka dawa mpya, kiasi cha punje ya mchele, akafunga skrubu moja moja kwa mshazari ili ikandamize sawasawa.

Safari hii hakuniruhusu. Aliiweka juu ya meza ikisoma gazeti kwa sauti, mchana kutwa, nami nimekaa kwenye stuli. Wateja wakauliza redio hiyo ya nani. Ikasoma mpira, ikasoma hali ya hewa, ikasoma matangazo ya vifo, ikamaliza gazeti zima. Nikaweka mkono chini yake. Ilikuwa vuguvugu tu.

Kaka yako hakuigusa mpaka tulipomaliza kula. Kisha akaivuta. "Supu haikuwa na chumvi," ikasema, bila kukawia. Baada ya siku zote hizo, hilo ndilo neno alilochagua. Ndugu yako huyo.

Alhamisi karani akaja tena, akapewa utani wake mzima: "Mwambie akate mlango, kitanda hakina kosa." Karani alicheka mpaka akajifuta macho. Kaka yako sasa hucheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Niliwatazama. Nilijua ni jambo jema, kama ninavyojua kwamba leo ni Jumapili.

Jana mchana nilikuwa naosha vyombo, nikasikia nyuma yangu, "Na wewe mbona umenyamaza?"

Nikamwambia nina kazi.

"Sikuulizi kazi."

Nikageuka. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya herufi, lakini haandiki, anangoja. Nikamwambia sisikii kitu siku hizi, si furaha, si uchungu, tangu siku ya upasuaji. Sikuwa nimemwambia mtu. Wewe ungekuwa wa kwanza, kwenye barua hii, kama asingeniwahi.

Akasogeza kiti kwa mguu. "Kaa hapa," mashine ikasema. "Si lazima useme."

Nikakaa. Sikulia, wala sikupata nafuu, nisikudanganye. Lakini vyombo niliviacha majini mpaka jioni, na sikuondoka.

Wifi, ukipiga simu usiniulize mimi hali yake. Mwulize mwenyewe, anajibu.

Nisalimie shemeji, pacha wote wawili, na shangazi yenu mwenye vicheko. Mwambie mtani wake bado yupo. Mola awape afya na usingizi, na goti lako alipe nguvu za kukuleta huku tena.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata nisipojua kulisema,

Mke wa Kipaza