Kidimbwi cha Bustanini

Brooklyn, 9 Julai 1916

Dada Filomena,

Pokea salamu, wewe, shemeji na mwanenu Saverio. Sisi wazima, ila roho ziko juu. Ugonjwa wa kupoozesha watoto umeingia mtaani. Jumanne mtoto wa mwokaji mikate alilala mzima. Jumatano hakuweza kuinua mguu. Jiji limekausha kidimbwi cha watoto bustanini, limefunga bembea, lango lina mnyororo. Na joto hili! Gilda wangu nimemvika kifuko cha kafuri shingoni, eti kinakinga maradhi. Naogopa, dada. Naomba nimlete huko shambani.

Mdogo wako, Nunziata

Hammonton, 13 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo, pichi zinaiva. Mlete. Ila kituoni kuna walinzi: mtoto wa Brooklyn haingii bila cheti cha daktari. Shemeji yako amenuna. "Mficha maradhi kifo humuumbua," anasema. Nikamwambia, "Nunziata hanifichi mimi." Basi niambie kweli: Gilda aliingia kile kidimbwi? Nina Saverio mmoja tu.

Dada yako, Filomena

Brooklyn, 17 Julai

Dada yangu,

Habari za huko? Cheti kimepatikana. Daktari alimtazama koo, akamwinamisha shingo, akatia sahihi. Kidimbwini hajakanyaga, naapa kwa Mtakatifu Roko. Tangu joto lianze nimemfungia ndani. Jumamosi namleta kwa treni.

Mdogo wako, Nunziata

Hammonton, 5 Agosti

Nunziata,

Leo sikuulizi hali. Gilda wako mzima, anakula pichi. Saverio alianguka juzi akishuka kitandani, akajicheka. Jana mguu wa pili nao ukakataa.

Wiki nzima walikuwa wanacheza kwenye beseni la kuoshea matunda, wakinyweshana maji na kutemeana. Nikamuuliza Gilda, "Mchezo huu umeutoa wapi?" Akasema, "Kidimbwini, mama mkubwa. Tulicheza kila siku mpaka walipoweka mnyororo. Mama kanikataza kukwambia."

Uliapa kwa Mtakatifu Roko, tunayemkimbilia wakati wa tauni! Mlangoni wametugongea bango. Hatoki mtu, haingii mtu. Usije. Gilda nitamlisha, yeye hana kosa. Saverio ananiuliza lini atatembea. Naogopa hata kumgusa miguu.

Nijibu jambo moja, na safari hii usiape. Yule mtoto wa mwokaji, amesimama?

Dada yako, Filomena