Chungu Kifudifudi Mlangoni

Kaloleni, Voi

Kwa kaka yangu Elisha,

Nakusalimu wewe na shemeji na watoto wote. Kabla ya lolote, mwambie mama mimi ni mzima, ninakula na ninashiba. Magoti yake yanaendeleaje na baridi ya huko? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawazungusha? Msomee mama mpaka hapa, kisha umwambie yaliyobaki ni salamu tu. Mengine soma peke yako, wewe uliyekaa jeshini ukasikia mizinga. Usiucheke mwandiko wangu kwa kupindapinda. Ninapoandikia pana mviringo, na sababu yake utaiona mbele.

Kaka, naogopa. Sijapata kuogopa hivi tangu ile homa ya Leah, na mtoto sasa ni mzima, anakimbiakimbia.

Unajua kwamba tangu reli imhamishie shemeji yako Ezekieli hapa, anakwenda na genge lake kutengeneza njia ya treni, anakaa huko siku nyingi, na mshahara ukifika unafika umechoka kuliko yeye. Ndipo nikachukua leseni ya kuuza pombe ya miwa. Aliyenifundisha kuipika ni jirani yangu Mama Mghoi, Mtaita, mwanamke mwenye sauti ya kuita treni. Akanifundisha na adabu yake pia. Chungu cha kuuzia hukaa mlangoni. Kikisimama mdomo juu, pombe iko, karibu. Kikilala kifudifudi hakuna kitu, na mtu asigonge mlango wa mwanamke bure. Kaloleni nzima inalijua hilo. Hata mlevi asiyelijua jina lake mwenyewe, akiona kitako cha chungu, anageuka na kwenda zake.

Basi jua la mwaka jana likaiua miwa ya milimani. Wanawake waliokuwa wakituletea mizigo wakaacha kushuka. Mama Mghoi akakifudikiza chungu chake, na mimi nikakifudikiza changu. Tangu kabla ya Krismasi kimelala hivyo hivyo, na kuku wa jirani amekifanya kiti chake. Mimi nilijua nimefunga. Ningemwambia nani tena, na askari kanga wa serikali wanapita hapa kila siku wanaona?

Kumbe serikali haikuona. Mwezi huu akaja karani wa ofisi na askari wawili, akasema sisi wauzaji tunadaiwa ada ya miezi yote hiyo. Ati leseni ikishakatwa inaendelea kula mpaka mwenyewe airudishe ofisini kwa mkono wake. Mama Mghoi akapiga kelele, "Nilipie pombe gani? Ya upepo?" Karani akamjibu kwamba upepo nao una leseni ikiwa ameuombea. Kesho yake Mama Mghoi akapanda milimani kwao, nao wakaja wakauchukua mlango wake. Mlango, kaka! Wakaung'oa na bawaba zake. Sasa pale pananing'inia gunia la katani, na kila mpita njia anakiona kitanda chake. Mimi nikipita naangalia upande mwingine.

Kwangu hawakung'oa kitu. Karani alizunguka chumba na chaki, akatia msalaba kwenye kitanda, kwenye baiskeli ya Ezekieli, kwenye meza na kwenye taa. "Hivi si vyako mpaka ulipe," akasema. "Na ukiifuta alama, hiyo ni kesi nyingine." Vitu visipotosha deni, ni jela. Tangu siku hiyo tunalala chini, maana nachelea shuka isije ikaifuta ile chaki. Ezekieli alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili yeye mwenyewe alisogea chini. Leah ana vidole vya mate, unajua watoto, kwa hiyo namfunga mgongoni mchana kutwa asiiguse baiskeli. Wanasema mwenye nguvu mpishe, lakini mimi nimpishie wapi na nyumba ni chumba kimoja?

Jumatatu tuliitwa mbele ya Bwana Shauri, mzungu wa serikali anayeamua kesi hapa. Ni kijana, pua imebabuka kwa jua. Mkalimani alikuwa kijana wa Kitaita, mpole.

"Bwana anauliza, ulimwambia nani kwamba umefunga?"

"Nilikifudikiza chungu."

Mkalimani akanitazama. "Mama, nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Karani alicheka mpaka miwani ikamshuka. Bwana Shauri hakucheka. Akasema serikali haisomi vyungu. Hapo nikaona giza, nikamshika Leah mguu pale mgongoni ili nijue bado yuko. Nilikuwa nafikiria jela tu, na mtoto bado ananyonya.

Aliyekuwa amesimama mlangoni ni Mutua, askari wa Kikamba anayezunguka mtaa wetu. Bwana Shauri akamgeukia, akamwuliza kama mimi ninauza.

"Hapana, afande," Mutua akasema. "Hii mama hauzi. Chungu iko chini tangu mwaka jana. Hata mimi nikipita na kiu yangu naona iko chini, naenda."

Watu wakaangua kicheko. Maskini Mutua akatambua alichosema juu ya kiu yake, akabaki kuitazama dari. Lakini alikuwa amesema, na Bwana Shauri akaandika. Akaamua hivi: Mutua ataitazama nyumba yangu mpaka Ijumaa, halafu karani atakuja kukagua. Ikionekana kweli nimefunga, nitadaiwa miezi niliyouza tu, na hiyo nilikwisha ilipa. Lakini ikionekana pombe, hata ya kikombe kimoja, nitalipa yote na kufungwa kwa kuidanganya serikali. Nikasema asante kabla mkalimani hajamaliza.

Leo ni Jumatano. Leo mvua imenyesha.

Hujui hapa maji ni nini, kaka. Huko kwetu mtu anatoka tu na mtungi, mto uko. Hapa tunapanga foleni kwenye bomba la reli tangu alfajiri, tunatukanana, na siku nyingine bomba linakohoa tu. Mvua ilinikuta dukani nimefuata chumvi, nikajibanza barazani na watu wengine, wote tunacheka kama wapumbavu. Ilipokatika nikarudi mbio na matope yangu.

Ezekieli alikuwa amefika kutoka njiani. Alikuwa amesimama mlangoni, kifua mbele, amefurahi. Pembeni yake chungu kilikuwa kimesimama mdomo juu, kimejaa mpaka ukingoni.

"Kesho hupangi foleni," akaniambia.

Hakuwako Jumatatu, na niliyomweleza aliyasikia kwa sikio la mtu mwenye usingizi. Yeye aliona chombo kikubwa na mvua, basi. Mbele yake walikuwa wamechuchumaa wanaume wawili wa shamba la katani, vikombe mkononi.

"Mama, tumemshukuru Mungu umefungua," mmoja akasema.

Na ng'ambo ya barabara, chini ya paa la duka, alikuwa Mutua. Anatazama.

  Nilikishika kile chungu, nikakisukuma kwa bega, mtoto mgongoni analia, Ezekieli anapiga kelele, "Rasoa! Maji! Maji, wee mwanamke!" Yakamwagika yote. Wale wa katani wakaruka, mmoja akajaribu kuyakinga kwa kikombe chake. Nikakifudikiza chungu, nikakikandamiza kwa mikono miwili kana kwamba kuna kitu ndani kinataka kutoka. Kaka, nimeyamwaga maji ya mvua, chungu kizima, hapa Voi.

Mutua akavuka barabara.  Akainama, akachota udongo uliolowa kwa vidole, akaunusa. Akanitazama. Akaunusa tena. Na chungu kile, kaka, kimekaa na pombe miaka. Hata ukikitia maji ya kunywa, yanatoka na harufu ya miwa. Nilitaka kumwambia hivyo, nikabaki nimekikandamiza chungu.

"Haya, mama," akasema. Akafuta vidole kwenye kaptula yake, akaenda. Sijui hiyo "haya" ni ya namna gani. Nimeigeuzageuza tangu hapo.

Basi ninaloomba ni hili. Ijumaa ikinigeukia, Ezekieli ataleta telegramu, nawe upande treni uje umchukue Leah. Usimwache asafiri na watu wa genge. Halali mpaka umsugue sikio la kushoto, polepole. Uji wa mtama anaukataa kwanza, halafu anakula. Mwambie mama kwamba mtoto amekuja kutembea.

Nisalimie shemeji mwenye mikono ya kupika, mjomba mpiga ngoma wa kanisani, na shangazi wa ng'ambo ya mto, ambaye najua atasema alinionya nisiolewe mjini. Kweli alinionya.

Ezekieli amekaa ndani, hanisemeshi, hana hasira, ana aibu tu. Wingu jingine linashuka kutoka milimani na majirani wanatoa ndoo na masufuria nje. Mimi nimekiegemea chungu, karatasi nimeiweka juu ya kitako chake. Ndiyo meza yangu ya mviringo. Mvua ikija itanikuta hapa hapa, na barua nitaitia kifuani isilowe.

Dada yako mdogo anayekutegemea,

Rasoa