Kiti Nilichokataa Kukiinua

Mbinga, Jumanne usiku

Siombi radhi. Hata kesho nikiamka, siombi.

Eti nimemlalia baba mkwe mapajani! Nilirudisha nyuma kiti changu cha ndege, basi, maana mgongo uliniuma tangu Dar es Salaam. Baba mkwe alikaa nyuma yangu, na nyuma yake mume wangu, ambaye aliinuka akaninong'oneza kwa ukali, "Mama Neema, inua kiti! Unajilaza mbele ya baba?"

Najua kwetu mke wa mtu hajinyooshi mbele ya baba mkwe. Lakini kule hospitalini Dar, alikolazwa, nani alikuwa akimgeuza kitandani? Nani alimnawisha miguu? Mimi, na usiku nikilala sakafuni pembeni yake. Huko hakuna aliyenikumbusha adabu. Mume wangu alikuja juzi tu kutuchukua.

Nikamjibu, "Siinui."

Ila niliogopa nimemuudhi mzee kweli.

Mara akakohoa. "Mama Neema, hicho kiti umekibonyeza wapi? Na mimi mgongo unaniuma."

Nikasimama, nikambonyezea mwenyewe. Kiti chake kikarudi nyuma taratibu mpaka kikagota kwenye magoti ya mume wangu.

Nikamkazia macho. Haya, si useme sasa? Mwambie baba yako ainue kiti!

Alikunja miguu yake mirefu akatazama dirishani mpaka tunakaribia kutua Songea. Mbele ya baba yake hana mdomo.