Mikorosho Katika Shamba la Kuazimwa

Vamizi, 2 Desemba 2023

Binti yangu Alima,

Pokea salamu zangu na za baba yako mdogo. Sisi ni wazima. Kifua tu hunibana alfajiri. Natumai wewe na wanao watatu mna afya.

Jirani yetu Paulino alifika kijijini kwetu Mbau kutazama yaliyobaki baada ya mashambulizi. Mikorosho ya babu yako imeungua yote. Chini ya ule wa nyuma ya jiko aliokota korosho sita nzima, nazo zimo katika bahasha hii. Hapa kisiwani sisi ni wageni na ardhi ni mawe. Utazipanda wewe.

Zitie majini, inayoelea itupe. Zilizozama ziloweke siku mbili. Panda kila moja kina cha vidole vitatu, upande ulioshikana na bibo, lile tunda lake, ukielekea juu. Usioteshe katika mfuko, kwa maana mzizi wa mkorosho haupendi kuhamishwa. Panda palepale mti utakapokaa.

Baba yako


Nje ya Palma, 19 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Hatujambo, ila Yasmin ana upele. Kifua chako kichue kwa mafuta ya nazi, na usitoke mapema.

Moja imeelea, tano zimezama. Sijazipanda. Shamba hili tumeazimwa na mzee Ibraimo kwa mihogo na kunde, na desturi unaijua kuliko mimi: mgeni hapandi mti, kwa sababu mwenye mti hudai ardhi. Wewe mwenyewe ulimng'olea yule mgeni Henrique mnazi wake kule Mbau, nami nilikuwa nimesimama pale. Jirani yangu Domingas ananicheka: "Dada, korosho tano tu zinakukondesha hivyo, je, ungekuwa na gunia?"

Niruhusu nizioteshe katika makopo.

Mwanao, Alima


Vamizi, 2 Januari 2024

Alima,

Nashukuru kwamba mko salama. Yasmin mwogeshe kwa majani ya mwarobaini.

Makopo hapana. Korosho ikikaa hufa ndani ya ganda lake, nasi hatutapata nyingine. Ibraimo nilisoma naye chuo kimoja cha Kurani. Ni mtu wa dini, akiiona miche ataelewa. Usimwombe ruhusa, maana ukiomba atakataa. Panda. Hili si shauri, ni agizo.

Baba yako


Nje ya Palma, 20 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Watoto ni wazima. Mimi sijui nikwambieje.

Nilipanda katikati ya mihogo. Zikaota nne. Kila mche ulitoka ardhini umebeba korosho yake kichwani, na watoto walikuwa wakikimbilia kuitazama hata kabla ya kunawa uso.

Jana mzee Ibraimo alikuja na sekretario wa mtaa, yule kiongozi wa serikali.

"Binti, hii ni nini?"

"Mikorosho, baba. Mbegu za kwetu."

"Mimi nilikupa mahali pa kula. Nani amekupa mahali pa kuzikwa?"

Nikalia, nikasema nimeagizwa na baba yangu. Akaigeukia miche. "Abdulcarimo? Basi anajua anachokidai. Yule hawezi kusema hakujua."

Hakuigusa. Alitaka niing'oe kwa mkono wangu mwenyewe, sekretario akiona. Nimeing'oa yote. Hata hivyo shamba amelichukua. Mihogo ndiyo kwanza imenenepa kama vidole. Amesema nichimbe niondoke kabla ya Ijumaa. Kuna lori la kwenda Montepuez, na kuna wanaokwenda Mueda kwa miguu. Barua hii anakuletea Valter, mchuuzi wa samaki. Najua jibu halitawahi.

Mwanao, Alima


Vamizi, 14 Mei 2024

Alima,

Barua yangu ya Machi Valter ameirudisha haijafunguliwa. Nilikuagiza humo umwombe Ibraimo radhi. Sasa haina kazi. Yeye nimemwandikia mara mbili, hajajibu. "Mwalimu," Valter ameniambia, "pale shambani pana kunde za watu wengine." Domingas alikuona Alhamisi ile na watoto na beseni kichwani. Hakuuliza mnaelekea wapi, naye anajilaumu.

Ibraimo alisema kweli. Nilijua. Nilijua nikiwa nimeshika kalamu, na niliandika kwa sababu hujawahi kunikatalia jambo.

Barua hii nimeinakili mara mbili: moja inakwenda Montepuez, moja Mueda. Yeyote atakayeipokea aisome kwa sauti penye wageni wengi. Alima binti Abdulcarimo, wa Mbau, ana watoto watatu, mdogo anaitwa Yasmin.

Usihangaike na salamu. Andika jina la mahali ulipo, hilo tu.

Baba yako