Tiketi Mbili za Mchezo Usio na Viti

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Huku kwetu hatujambo. Mbaazi zimekubali mwaka huu, ng'ombe amezaa ndama jike, na mimi juma lililopita nimefanya jambo ambalo lingekushikisha mbavu kwa kicheko. Nimenunua tiketi mbili za mchezo wa kuigiza, wa Jumamosi hii. Moja ni yangu. Ya pili ni ya mumeo. Ndiyo, huyo huyo unayemjua.

Acha nikueleze nilivyofika hapo. Nilikuwa nafungua duka langu la kushona, pale nyuma ya soko la Machakos, nikaona bango limebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa: HAKUNA VITI. Nikadhani ni fundi wa samani ameishiwa na mali. Kusoma vizuri, kumbe ni mchezo. Walioutunga wamekodi bohari moja kuukuu, wakaligeuza kuwa boma zima, lenye jiko, sebule na ua, na watazamaji hawaketi wakatazama. Wanaingia ndani ya hadithi. Siku hiyo kuna ntheo, ile siku yetu ya kupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana, na kila mwenye tiketi ni mgeni wa shughuli. Unatembea kutoka chumba hadi chumba, unapewa chai, waigizaji wanakusalimia, wanakuomba ushauri, na usipowajibu mambo hayaendi mbele.

Hayo ya mwisho niliyasoma mara mbili, Mwaitu, halafu nikajikuta nacheka peke yangu hadi muuza ndizi akaniuliza kama niko salama. Kumbe ulikuwa sawa siku zote, ila ulizaliwa mapema mno.

Unakumbuka tamasha la shule, nikiwa kidato cha pili? Mimi kazi yangu ilikuwa kuvuta pazia. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mama wa kambo aliyemtilia binti sumu kwenye chai. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, yule binti ameshika kikombe, na wewe ukainuka kule kwa wazazi na mkoba wako kwapani.

"Wewe mtoto, usikunywe hiyo chai! Iko na dawa! Nimeona huyu mama akiweka!"

Binti akatazama kikombe, akakutazama wewe, akaimwaga yote. Mama wa kambo akabaki hana la kufanya, maana hadithi nzima ilitegemea sumu ile. Mwalimu alikuja mbio, akainama kando yako. "Mama, tafadhali, hawa wanaigiza tu."

"Waigize tu, mwalimu. Lakini mtoto hatakunywa sumu nikiwa nimekaa hapa."

Nilijifunga kwenye pazia nisionekane. Baba, aliyekuwa ameketi karibu nawe, alikuwa akivichunguza viatu vyake kama mtu aliyevipoteza akavipata. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikuwa akikuonea aibu, na nikamhurumia kwa kuoa mwanamke wa kusema kila kitu.

Halafu kukaja siku ile mlipokuja kunitembelea mjini, nikawapeleka kutazama mchezo wa mkulima aliyenyang'anywa shamba na nduguye. Mwigizaji alipiga magoti, akatunyooshea mikono: "Jamani, nifanye nini mimi?" Niliwahi kukushika mkono lakini mdomo wako ulikuwa umeshatangulia. Ulimwambia aende kwa chifu. Kabla ya chifu, azungumze na shangazi yake, kwa sababu mashangazi ndio wanaokumbuka mpaka ulipopita. Na aache kupiga magoti vumbini na suruali nzuri vile. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, na bawabu akaja kutuambia tunyamaze au tutoke.

"Kama hataki jibu," ukamwambia, "asiulize."

Tukatoka. Tulipokuwa tunapanda kuelekea kwangu, baba alisimama ghafla akashika ua wa watu. Nilidhani ni moyo. Nikamkimbilia, na kumbe alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika na machozi yakimtoka, na wewe ukamsimamia mbele, mikono kiunoni. "Sasa unacheka nini, Baba Mwende? Kwani nimesema uongo?" Akatikisa kichwa tu. Ndipo nilipoelewa kwamba michezo ile yote baba alikuwa akienda kukutazama wewe.

Sasa sikiliza habari zake, maana ndizo zilizonifanya nikuandikie.

Baba hajawahi kuwa mtu wa maneno, na wewe hukumpa sababu ya kuwa. Mgeni akimwuliza kuhusu mvua, ulijibu wewe. Akiulizwa chai yake iwe na sukari au la, ulijibu wewe. Yeye alingoja umalize, kisha akasema "ii", ile ndiyo yetu ya Kikamba, na shauri likawa limepita. Nyumba ilikwenda hivyo na hakuna aliyelalamika. Lakini tangu tukuzike amebaki na maneno mawili tu, hiyo ii, na aiee, yaani hapana. Umekula, baba? Ii. Twende tukapime macho? Aiee. Redio imeharibika? Aiee. Ameizima mwenyewe.

Mama Ndinda, jirani yako wa chai ya jioni, alijaribu kuendelea kuja. Juzi aliniambia amechoka. "Naongea na ukuta, Mwende. Ukuta iko na adabu, inanimiminia chai, lakini ni ukuta tu."

Mutua naye amesema mbaazi zikishavunwa atamchukua akaishi naye Syokimau. Mwanao ana roho safi, hilo sina shaka nalo, na ameshatayarisha hata chumba. Lakini mimi nikimfikiria baba amekaa kwenye nyumba ya ghorofa, anatazama ukuta wa jirani, mbali na matuta aliyoyachimba kwa mikono yake, naingiwa na baridi. Naogopa atatuzimikia polepole, kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Naogopa tutakuja kugundua tumempoteza kitambo na tulikuwa bado tunamwuliza kama amekula.

Ndiyo maana nilifunga duka mchana na kwenda kutafuta tiketi. Zilikuwa zinauzwa kwenye duka moja la vitabu. Msichana aliyekuwa mezani alikuwa amejifunga leso juu ya suruali, na kabla sijasalimia vizuri akaniuliza, "Karibu sana. Uko upande wa bibi harusi ama wa bwana harusi?"

"Mimi sijaalikwa," nikamwambia. "Nataka tiketi."

"Si ukinunua umealikwa, mama?"

Tukacheka wote. Nikachagua upande wa bibi harusi kwa sababu najua huko ndiko ungekwenda, ukaanze kudai mbuzi wenye afya. Kisha akanieleza jinsi mambo yatakavyokuwa. Wakati wazee wanajadiliana sebuleni, bibi harusi anatoroka, anajificha jikoni, ana wasiwasi na hii ndoa. Anawaita wageni mmoja mmoja. Ukiwa umeoa au umeolewa, anakuuliza: wewe ulijuaje ni yeye?

Nikamfikiria baba pale pale.

"Na mtu akinyamaza?" nikauliza.

"Tutangoja."

"Kuna mtu namjua, hata ungoje hadi kesho atakujibu 'ii' peke yake."

Yule msichana akafikiri, akatingisha kalamu. "Hiyo swali haijibiki na ii," akasema.

Ni kweli, Mwaitu. Nilisimama pale nikatambua kwamba hadithi yenu nimeisikia maisha yangu yote, kwa mdomo wako, kila mara na chumvi mpya, na sijawahi kuisikia kwa mdomo wake hata siku moja. Na tangu uende, hakuna aliyemwuliza. Kijiji kizima kinamzunguka kwa upole. Watu hawakutaji mbele yake, wanasema "ile shida" au "ile mambo ya mwaka ule", wakidhani wanamwonea huruma. Nikalipa kabla sijajitisha.

Jumapili baada ya misa nikapanda kwenda nyumbani Kola. Alikuwa ameketi nje anachambua mbaazi kwenye ungo. Nikamwonyesha tiketi, nikamweleza kwa ufupi. Aliishika, akaigeuza, akasoma hata nyuma ambako hakuna kitu. "Aiee," akasema, akairudisha.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Sikubishana. Niliingia jikoni kwako kuosha vyombo, nikafungua dirisha, nikafanya vile ungefanya wewe: nikaongea. Nilisema kwa sauti kubwa, kama naisemea sufuria. Nikaeleza kwamba hakuna viti, kwamba chai ni ya kweli na mbuzi ni wa kuigiza, kwamba wazee watabishana na wageni wa upande wetu wanaruhusiwa kukataa. Nikaeleza kuhusu msichana wa jikoni na wasiwasi wake. Mwisho nikasema, "Na wewe, baba, atakuuliza ulijuaje ni mama."

Mbaazi zilikuwa zikidondoka kwenye ungo, zikanyamaza.

Nilitaka sana kuongeza neno. Wewe unajua ilivyo kazi kwa mtu wa damu yako kukaa kimya. Nikaosha sufuria moja, nikaisuuza, nikaiosha tena ingawa ilikuwa inameta. Nje alisikika jogoo tu na watoto wa Mama Ndinda.

"Hakuna viti kabisa?" baba akauliza.

Lilikuwa swali, Mwaitu. Swali kamili, kutoka kwake, bila kuombwa. Nilikaribia kuangusha sahani.

"Hakuna, baba."

"Hata ya wazee?"

"Wazee watapewa kigoda. Nimeuliza."

Sikuwa nimeuliza. Nimeuliza jana, na kigoda kipo. Mbaazi zikaanza kudondoka upya, tukanywa chai, akanisindikiza hadi barabarani kama kawaida yake. Tiketi niliiacha mezani chini ya chupa ya chai bila kumwambia, nikarudi mjini sijui kama nimefanya jambo la busara au nimemtonesha kidonda mzee wa watu.

Nakukosa, Mwaitu. Nakukosa nikiwa na habari ya kuchekesha na sina wa kumpigia. Nakukosa ninapopima nguo ya mteja mwenye maringo na hakuna mtu wa kumsimulia jioni. Nikifikiria mchezo ule najua kabisa kwamba ungewaharibia. Ungeingia jikoni, ungempa yule bibi harusi ushauri mrefu, ungemwita bwana harusi naye aje asikilize, na kabla chai haijapoa ungekuwa umewaozesha. Waigizaji wangekuomba urudi kesho. Hilo lingenifurahisha kuliko mchezo wowote.

Lakini wakati ninaandika haya nina furaha nyingine ndogo, na ninaishika kwa uangalifu. Sitarajii watu wa bohari wamponye baba. Nataka tu mtu mmoja amwulize juu yako akimtazama machoni, kisha amngoje. Akisema neno moja, litakuwa neno moja zaidi ya aliyonayo. Mutua nimemwomba asubiri kidogo na chumba chake, na amekubali, ingawa alininung'unikia kwamba mimi na wewe ni kitu kimoja.

Leo asubuhi simu yangu imelia nikiwa nimeinamia cherehani. Jina la baba. Unajua baba hapigi simu, yeye hupigiwa.

"Kuna nini, baba? Uko sawa?"

Nilisikia kuku, nikasikia pumzi yake. Nikakumbuka kungoja, nikangoja.

"Mwende," akasema. "Huyo msichana wa jikoni."

"Ndiyo, baba."

"Ni Mkamba?"

"Sijui, baba. Kwa nini?"

Akakohoa kidogo, akasafisha koo kama anayetaka kusimama mbele ya watu.

"Ni hiyo swali yake. Nimekuwa nikiifikiria. Kwa Kiswahili naona jibu itakuwa fupi."

Nilikaa chini mlangoni mwa duka, na uzi bado umening'inia mdomoni. Nikamwambia ajibu kwa Kikamba, aseme yote, na kama msichana haelewi, upande wetu una watu wa kumtafsiria.

Lala salama, Mwaitu. Jumamosi mimi nitanyamaza, ili nisikie.

Mwanao wa kwanza,
Mwende