Ushuhuda wa Goti

Sydenham, Durban
6 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini nyote huko Kalemie mu wazima, na kile kikohozi chako kimepungua. Sisi hapa tu salama. Shangazi Libérate anakusalimu. Anatoka alfajiri kwenda saluni yake Isipingo, anarudi miguu imevimba, lakini kucheka hajaacha.

Baba, nina habari. Kocha wa chuo kimoja cha miaka miwili huko Kansas, Amerika, ameona video zangu za mpira wa kikapu kwenye Facebook. Ni mwanamke, anaitwa Dana. Anataka nikasome bure niichezee timu ya chuo. Ila nafasi ni moja tu, na anamtazama pia Rhoda, yule rafiki yangu Mtanzania ninayecheza naye. Tangu tulipojua, mimi na Rhoda tunapasiana mpira bila kutazamana usoni.

Nakuomba kitu kimoja. Goti langu lililoumia mwaka jana hata nikatembelea magongo, usilitaje popote. Limepona, naruka bila shida. Lakini makocha wakisikia neno goti tu, wanamgeukia mwingine.

Mtoto wako,
Laetitia


Kalemie
10 Aprili 2025

Binti yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, kikohozi kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Amerika! Nimefurahi sana.

Lakini hilo uliloniomba ni zito. Mwaka jana nilipokuona kwenye simu umelala, mguu umefungwa, niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu: huyu mtoto akiruka tena, nitasimama mbele ya kanisa zima nishuhudie, na mbuzi nitatoa. Umeruka. Jumapili ya mavuno inakaribia na wazee wa kanisa wanajua kwamba nina deni. Mungu alikuponya mchana kweupe, sasa mimi nimshukuru kwa kunong'ona?

Naendelea kuomba juu ya jambo hili. Msalimu dada yangu, mwambie apumzike.

Baba yako,
Baudouin


Sydenham
24 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Habari za nyumbani? Mama hajambo? Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa usingizi umenikimbia.

Leo Dana alinipigia kwa video. Tulizungumza vizuri, tukacheka. Halafu akaniuliza, "Umewahi kuumia?" Baba, nilisema hapana. Lilitoka tu. Kocha wetu Fabien alikuwa pembeni, na simu ilipokatika akanifuata: "Ma fille, binti yangu, goti iko sawa kabisa, sasa unaogopa nini? Ungemwambia tu." Ni rahisi kwake, yeye hagombei nafasi na Rhoda, ambaye hajawahi kuumia hata kidole.

Nimeshasema hapana na siwezi kulirudisha. Kwa hiyo nakusihi, usishuhudie Jumapili. Kanisa lenu linarusha ibada Facebook, na Bonheur, yule kijana anayeirusha, kila mara anaunganisha jina langu ili nitazame. Dana anaingia kwenye ukurasa wangu kila siku, na simu za siku hizi zinatafsiri zenyewe. Ngoja nipande ndege. Baada ya hapo ukitaka kushuhudia juma zima, shuhudia. Sasa hivi, Baba, nyamaza kwa ajili yangu.

Nijibu upesi.

Laetitia wako


Kalemie
27 Aprili 2025, jioni

Binti yangu,

Amani iwe nawe. Sisi tu wazima.

Mtandao ulikatika hapa tangu Alhamisi. Umerudi jioni hii, na barua yako nimeisoma sasa, nikiwa bado na suti ya kanisani.

Nimeshasimama, Laetitia. Nilisimama leo. Nilieleza yote: magongo, daktari aliyetikisa kichwa, usiku ambao mama yako hakula. Nikasema, "Leo huyu mtoto anaruka, na Wamarekani wanamtaka!" Kanisa lote liliinuka. Nililia mbele za watu, mimi mwenye mvi hizi. Bonheur alirusha yote.

Nimekimbia kwake nikamwambia aifute, naye ameifuta. Lakini anasema watu wengi walikuwa wameshaitazama. Labda huyo mama alikuwa amelala. Huko kwao si ilikuwa usiku?

Niambie haraka.

Baba yako


29 Aprili

Dana ameiona. Ameniandikia sentensi moja: "Nani anasema kweli, wewe au baba yako?"

Sijamjibu. Uliambiwa tangu mwanzo na ukaniambia unaomba juu ya jambo hili. Makofi ya kanisa umeyapata wewe, na mimi nimebaki na simu mkononi.

Laetitia


Kalemie
2 Mei 2025

Binti yangu mpendwa,

Umeniandikia bila salamu, na mimi sikulaumu. Lakini mimi nakusalimu. Umekula? Unalala?

Mama yako hasemi nami, ananiwekea chakula mezani na kuondoka. Nadhiri niliyoitimiza siijutii, siwezi kukudanganya. Lakini kukuumiza nimekuumiza, na linanichoma.

Jana nimemwandikia huyo Dana kwenye Facebook. Bonheur alinisaidia Kiingereza. Nimemwambia kwamba ni mimi niliyekukataza kusema habari za goti. Kwamba wewe ulitaka kumweleza tangu siku ya kwanza nikakutisha, na kwamba kwetu mtoto havuki neno la baba yake. Nimeomba asikuhukumu wewe kwa ukaidi wa mzee.

Najua nimesema uongo. Usinifundishe. Ni wangu na nitaubeba mwenyewe. Wewe akikupigia, itikia tu, kisha upande ndege.

Baba yako akupendaye,
Baudouin


Sydenham, Durban
11 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na naomba radhi kwa barua ile isiyo na salamu. Mama hajambo? Ameanza kuzungumza nawe? Kikohozi je?

Dana alipiga jana. Alikuwa mpole. Alisema amesoma barua yako, kwamba anaelewa jinsi watoto wa kwetu wanavyowaheshimu wazazi, na kwamba nafasi ni yangu. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi, ananikonyeza niseme asante. Nilitakiwa kusema neno hilo moja tu.

Nilikuwaza wewe na Bonheur mmeinamia simu, mnatafuta maneno ya Kiingereza ya kujichafua. Wewe uliyekataa hata kumnong'oneza Mungu. Nikamwambia Dana, "Baba hakunikataza. Yeye ndiye aliyekataa kuficha. Nilificha mimi."

Akauliza, "Kwa hiyo baba yako amenidanganya?" Nikasema ndiyo, kwa ajili yangu. Akanishukuru kwa kumweleza. Halafu akasema atamchukua Rhoda.

Shangazi alirusha kitana. "Eish, Laetitia! Ulikuwa umeshaipata! Hiyo mdomo yako iko na haraka ya kwenda wapi?" Jioni alinisuka, na alipomaliza akanikumbatia.

Nilikwenda mwenyewe kwa Rhoda kumwambia. Alianza kulia kabla yangu, tukashikana pale mlangoni kwao mpaka mama yake akatuita ndani tule.

Inaniuma, Baba. Sitaki kukuficha. Leo asubuhi sikutaka hata kuuona mpira. Lakini hasira nawe sina tena. Nisingeweza kucheza huko Kansas huku nikijua kwamba wewe, kwa ajili yangu, umekuwa mwongo kwa mtu usiyemjua.

Watu wa kanisani watakuuliza naondoka lini. Waambie binti yako alipewa nafasi akairudisha kwa ajili ya jina la baba yake. Hilo liseme hata kwenye kipaza sauti.

Mtoto wako,
Laetitia