Kiberiti Ulichowasha Simuni

Rasbura,
Lindi.
22 Juni 2024

Mpendwa kaka Rafaeli,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Debora na watoto, na kwamba baridi ya Tunduma bado haijakumaliza. Sisi huku joto letu lipo palepale, tunaweza kukugawia kidogo ukitaka. Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, na kila siku anauliza Rafaeli anakula nini huko kwa watu. Baba Lukas amekwenda kule Mtama kupuliza salfa kwenye mikorosho, atarudi wiki ijayo.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Kwenye simu nikianza tu wewe unacheka, unasema, "Rosa, usijitie presha," halafu tunahamia kwenye bei ya korosho. Karatasi haicheki. Tena kuna maneno ambayo mdogo hawezi kumwambia kaka yake sikioni, hata awe na ulimi mrefu kama wangu.

Ni habari za mpwa wako. Kwamba Lukas anavuta sigara unajua, nilikuambia. Ila sikukueleza yote, nilikuwa naona aibu.

Alianza na kile kidude cha kuchaji kama simu, ambacho rafiki zake walikuja nacho kutoka Dar wakati wa likizo. Nilikikuta mfukoni mwa suruali yake nikifua, kinanukia embe. Akaniambia, "Siyo sigara hiyo, mama. Mvuke tu." Wenzake walipoondoka na vidude vyao, ndipo nilipoona kwamba kuna kitu kimemshika. Halali, hali chakula kwa hamu, anagombana na kila mtu hadi mbuzi wa jirani. Siku alipotulia nikamshukuru Mungu. Kumbe alikuwa amehamia kwenye sigara.

Kaka, mtoto huyu ana pumu. Wewe ndiye uliyempakia kwenye baiskeli siku ile ya mvua ukamkimbiza zahanati, midomo imeshabadilika rangi, mimi nyuma nakimbia peku huku nalia. Mpaka leo hatumpeleki shamba wakati wa vumbi la salfa. Akiona mtu amebeba mashine ya kupulizia, anaondoka mwenyewe bila kuambiwa. Vumbi analiogopa, moshi anaununua. Pasaka hii aliketi katikati ya wimbo wa kwaya, watu wakadhani amezidiwa na Roho. Mimi nilijua amezidiwa na kifua.

Nimejaribu, usidhani nimekaa tu. Nilikwenda dukani kwa Tawakali, pale anapouziwa moja moja, nikamsihi. Tawakali ni mtu mwema, akaniapia. "Dada, mimi simuuzii ng'o. Lakini mwenzake akija kununua, nitajuaje anampelekea nani?" Nikanunua chumvi nikarudi nyumbani. Daktari alimwonyesha picha za mapafu ya wavutaji. Akazitazama, akasema asante kwa adabu zake zote. Baba yake alifoka hadi sauti ikamkauka, mwisho akanigeukia mimi, "Hilo ni la mjomba wake. Mtafute kaka yako."

Na chumbani kwake siingii, mila zetu unazijua. Tangu atoke jandoni ana mlango wake wa nje, na mama hana safari huko. Nakaa uani na cherehani yangu, nashona sare za watu, na moshi unatoka dirishani mwake nautazama. Nikigonga ukuta anazima. Nikirudi kwenye cherehani anawasha nyingine.

Siku moja nilimlilia kabisa. Nilipiga magoti, kaka, mbele ya mtoto niliyemzaa. Akaniinua, akanifuta machozi kwa kanga yangu mwenyewe, akasema, "Mama, haya ni mambo ya kiume. Mjomba akiniambia niache, naacha." Nilishikilia neno hilo kama nimeokota dhahabu. Ndiyo maana nilikusumbua hata ukampigia Jumapili ile.

Ulisema vizuri sana. Lukas alikuwa ameongeza sauti ya simu ili sote tusikie, na mama alikuwepo, akawa anaitikia kwa kichwa kila neno lako. Ulimwambia kuhusu kifua chake, ukamkumbusha ile baiskeli. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mama. Halafu tukasikia njiti ya kiberiti. Tukasikia ukivuta, kisha ukaendelea kumwambia sigara ni mbaya.

Lukas hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema tu, "Sawa mjomba, nimekusikia," akanirudishia simu kwa mikono miwili, akatoka nje. Akawasha yake palepale barazani, mbele ya bibi yake. Hajawahi kufanya hivyo, siku zote alikuwa anajificha. Mama aliinuka na goti lake akaingia ndani, na jioni hiyo hakuuliza unakula nini.

Sikuandiki ili kukulaumu. Wewe mwenyewe ulikuwa mdogo kuliko Lukas wakati marehemu mjomba wetu alipokuwa akikutuma jikoni ukamwashie sigara yake kwenye kaa. Ulikuwa unairudisha inawaka vizuri, naye anakusifu, "Huyu ndiye mpwa wangu." Hakuna aliyeona ubaya. Mjomba yule alikufa anakohoa, na sisi tukampa Lukas jina lake.

Pia najua umejaribu kuacha. Wifi ameniambia, usimgombeze. Ameniambia jinsi unavyoamka asubuhi ukakaa ukingoni mwa kitanda ukikohoa mpaka machozi yatoke, na unavyokwenda kuitupa pakiti, kisha unatoka kuitafuta.

Basi nakuomba jambo moja. Kuacha sikuambii, mimi ni mdogo wako, na kama ingekuwa rahisi ungekwisha kuacha. Njoo tu. Omba ruhusa hapo gereji, hata siku chache. Ingia kule chumbani nisikoruhusiwa mimi, ukae naye, umwambie hayo ya ukingo wa kitanda. Usimwambie sigara ni mbaya, hilo ameshaambiwa na kila mtu. Mwambie ulitaka kuacha ukashindwa. Hajawahi kumsikia mwanaume hata mmoja akisema ameshindwa. Labda litaingia, labda halitaingia. Mimi sina jingine, kaka, nimeishiwa.

Nisalimie sana wifi Debora, na Anjelina mdogo mwambie bibi yake amemwekea kanga. Mama anakusalimu, ingawa amesema nisiandike kwamba amekusamehe. Mungu akulinde barabarani, akupe pumzi ndefu wewe na wanao.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikusema,

Rosalia

Nilishaikunja karatasi hii, nimeikunjua tena. Nilisikia mtu anakohoa upande wa nje, kile kikohozi chako cha kuanzia chini kabisa kinachopanda taratibu. Nikaacha kila kitu nikatoka mbio, nimefurahi, naita, "Kaka, umekuja!" Nikamkuta Lukas.